Alikuwa Anafanya Nini Alipoanguka?

Kabla sijaanza, namwomba Mzee wetu apande hapa mbele, alale kwenye kitanda hiki. Msishtuke, hajaugua. Ni muuguzi mstaafu, na ndiye aliyenishika mkono nikiwa mwanafunzi akanionyesha namna ya kufunga mkanda wa presha bila kumbana mgonjwa. Leo nimemwomba aniazime mwili wake kwa muda mfupi. Dada muuguzi atakaa naye, atampima presha na mapigo akiwa amelala, ataandika, kisha atamwacha apumzike. Lala tu Mzee, ila usisinzie. Tutarudi kwako.

Nimeitwa kuzungumzia vipimo vya watu wanaozimia bila sababu kujulikana. Nadhani walionialika walitarajia nije na picha za mashine. Mashine zitakuja. Lakini mimi nataka nianze na mfuko wa plastiki.

Mfuko huo aliuleta mama mmoja, akiwa na binti yake wa miaka 17. Aliumwaga mezani kwangu. Picha za CT za kichwa, mbili, za miezi tofauti. Kipimo cha umeme wa ubongo. Ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Damu ya kila namna: sukari, figo, ini, tezi. Kila karatasi imeandikwa "kawaida". Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na pakiti ya dawa za kifafa, ambazo binti alikuwa akizimeza mwaka mzima na bado anaanguka. Mama akaniuliza, "Daktari, kimebaki kipimo gani?"

Nikamgeukia binti. Mara ya mwisho ulikuwa unafanya nini ulipoanguka? Akamtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Nilikuwa nimelala. Kengele ya simu ikalia, nikashtuka nikakaa, basi." Na mara ya kabla ya hiyo? "Mtu alibamiza mlango."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Na katika mfuko ule wote, wenye pesa za watu na siku za foleni, haikuwamo karatasi moja ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo ambacho unabandikwa vishikizo 10 kifuani, mikononi na miguuni, na kwa dakika tano kimekwisha. Tukampima palepale. Moyo wake ulikuwa unachelewa kujiandaa upya baada ya kila pigo. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaitwa QT ndefu. Ipo aina yake inayomwangusha mtu kwa sauti ya ghafla, hasa kengele inapomtoa usingizini, na ipo nyingine inayomwangusha akiogelea. Dawa za kifafa zikapunguzwa taratibu mpaka zikaachwa, akaanzishiwa dawa ya kuukinga moyo, na ndugu zake wote wakaitwa wapimwe ECG.

Nimeanza na mfuko huo kwa sababu swali la yule mama ndilo ninaloulizwa kila wiki: kimebaki kipimo gani. Na mara nyingi jibu ni kile cha kwanza, kilichorukwa.

Sasa tuelewane kwanza kuzimia ni nini, maana lugha yetu ina maneno mengi na yote tunayamwaga kwenye kapu moja. Amezirai, amezimia, amedondoka, presha imeshuka, kizunguzungu kimemchukua. Kuzimia ninakokusema mimi ni ubongo mzima kukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Mtiririko wa damu ukikatika kwa sekunde 6 hadi 8 tu, fahamu zimeondoka. Mtu anaanguka, na kwa kuwa sasa amelala, damu inarudi kichwani kirahisi, naye anazinduka mwenyewe. Ghafla, kwa muda mfupi, na anarudi akiwa kamili. Sukari ikishuka sana haiji na kuondoka hivyo. Mtu habebwi na sakafu akapona, anahitaji sukari. Aliyegongwa kichwa ni habari nyingine. Mwenye kizunguzungu ambaye hakupoteza fahamu, naye ni habari nyingine.

Damu hukosekana ubongoni kwa njia kuu tatu. Ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni mwili kujikoroga wenyewe: mtu ameona damu, amesikia maumivu makali, amesimama gwarideni saa nzima, na neva zinatoa amri ya kipuuzi, mishipa ilegee na moyo upunguze mwendo. Thomas Lewis wa Uingereza aliupa mzimio huo jina mwaka 1932, akiunganisha neno la mishipa na neno la neva ya vagasi, ile inayopunguza mwendo wa moyo. Ya pili ni kusimama. Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu inaweza kushukia miguuni na tumboni, na mwili wenye afya unabana mishipa upesi kufidia. Usipobana, unaanguka. Ya tatu ni moyo wenyewe: unakwenda polepole mno, au unasimama, au unakimbia hadi hausukumi kitu, au una vali au msuli unaoziba njia ya damu. Hiyo ya tatu ndiyo inayoua. Vipimo vyote nitakavyovitaja leo vinahangaika na jambo moja: kuitafuta hiyo ya tatu isitupite, bila kumtesa bure mwenye hiyo ya kwanza.

Kipimo cha kwanza hakina waya. Ni maelezo. Na mimi nayaita kipimo kwa makusudi, maana yana ufundi wake na yanaweza kufanywa vibaya kama kipimo kingine chochote. Usimwambie mgonjwa "nieleze tatizo lako" ukaanza kuandika. Mrudishe pale. Ulikuwa umesimama, umekaa, umelala? Nani alikuwa karibu? Ulianza kuhisi nini? Anayezimia kwa neva atakwambia joto lilinipanda, jasho jembamba likanitoka, kichefuchefu, sauti za watu zikawa mbali, macho yakaingia giza. Anapewa taarifa. Ambaye moyo wake umesimama mara nyingi hapewi taarifa: "Nilikuwa naongea, nikajikuta chini." Na uso wake umepasuka, kwa sababu mikono haikuwahi kumkinga.

Kisha mtafute shahidi. Mgonjwa ndiye mtu pekee ambaye hakuwepo. Mpigie simu aliyemwona, hata kama ni mtoto; watoto hueleza vizuri kuliko sisi, hawaongezi majina ya magonjwa. Alikuwa na rangi gani? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Alikaa hivyo muda gani? Alipoamka alijua yuko wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kifafa cha uongo kinapozaliwa. Shahidi akisema "alitetemeka", wengi wetu tumeshaandika kifafa. Mwaka 1994 madaktari nchini Ujerumani waliwazimisha kwa hiari vijana wenye afya na kuwarekodi kwa video. Takriban 9 kati ya 10 waliopoteza fahamu kabisa walikuwa na mishtuko ya viungo. Vijana wazima! Ubongo uliokosa damu hurusha mikono na miguu, kwa sekunde chache, bila mpangilio. Macho huwa wazi, yamegeukia juu. Hata mkojo unaweza kutoka. Yanayonielekeza kwenye kifafa ni mengine: ulimi uliong'atwa ubavuni, mtikisiko wa mpigo mmoja unaoendelea dakika nzima au zaidi, na baada yake mtu aliyechanganyikiwa kwa muda mrefu, hamtambui hata ndugu yake. Aliyezimia tu huinuka akiuliza kwa nini mmenizunguka.

Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Najua si adabu kumrekodi mtu aliyeanguka. Mlaze kwanza, hakikisha anapumua, muombe mwingine amsaidie. Halafu ndugu mmoja arekodi, kwa ajili ya daktari na si kwa ajili ya kusambaza. Video ya sekunde 20 imenisaidia kuliko barua za rufaa za kurasa tatu.

Sasa niseme langu. Nilipokuwa daktari mchanga, kijana mmoja aliletwa ameanguka uwanjani. Alipofika kwangu alikuwa mzima, anataniana na wenzake. Jua lilikuwa kali, asubuhi hakula. Nikaandika upungufu wa maji, nikamtundikia dripu, nikamruhusu. Wiki tatu baadaye akaanguka tena na safari hii hakuinuka. Ilitokea mwenzake alijua kukandamiza kifua, na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu. Alipona. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha msuli wa moyo umenenepa kupita kiasi. Nilikuwa sijamuuliza mambo mawili. Ulianguka katikati ya mbio, au baada ya kusimama? Baada ya kusimama, mara nyingi ni mishipa iliyolegea. Katikati ya mbio, ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Na la pili: kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Mjomba wake. Miaka 31. Alikuwa analijua jibu, nilikuwa sijauliza swali. Na ECG sikumfanyia, mashine ilikuwa chumba cha pili.

Mashine hiyo ina historia ninayoipenda. Willem Einthoven, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii, alianza na mtambo wa kilo 270 hivi, uliohitaji watu watano kuuendesha, na mgonjwa akitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Leo unabebwa kwapani, na bado unarukwa. Kila aliyezimia apate ECG, hata kama umeshajua kwa nini alizimia. Inaonyesha njia za umeme zilizokatika, QT ndefu, njia ya mkato ya umeme aliyozaliwa nayo mtu, alama ya Brugada, hitilafu ya umeme wa moyo iliyoelezwa na ndugu wawili wa jina hilo mwaka 1992, msuli ulionenepa, kovu la shambulio la moyo la zamani.

Maelezo, uchunguzi wa mwili pamoja na presha ya kulala na kusimama, na ECG. Miongozo ya Marekani ya 2017 na ya Ulaya ya 2018 inaanzia hapohapo. Vikifanywa kwa makini, karibu nusu ya wagonjwa hupata jibu siku hiyohiyo. Damu pimeni kwa sababu: wingi wa damu kwa anayeonekana kupungukiwa au anayepata choo cheusi, kipimo cha mimba kwa mwanamke anayeweza kuwa nayo. CT ya kichwa ni kwa aliyejigonga vibaya au mwenye dalili za ubongo. Na ile ultrasaundi ya shingo, jamani: mshipa mmoja wa shingo ukiziba, mtu hupooza upande, hupoteza usemi, jicho moja huingia giza. Hazimiki ubongo wote. Kuitumia kutafuta sababu ya mzimio ni kumulika chumba ambacho mwizi hakuingia.

Waliobaki bila jibu ndio hasa nilioitwa kuwazungumzia. Swali la kwanza kwao ni kama kuna dalili ya hatari. Alizimia akiwa kwenye mazoezi au amelala, bila onyo, mapigo yakimwenda mbio kabla, ana ugonjwa wa moyo, ECG yake si nzuri: huyo halali nyumbani usiku huo. Afanyiwe eko, awe chini ya uangalizi wa mapigo, na pengine aingizwe nyaya ndani ya moyo kupima njia za umeme. Asiye na hayo tunaweza kumtafutia jibu bila pupa.

Na kutafuta kwenyewe ni kuvizia. Moyo unaosimama mara mbili kwa mwaka, siku nyingine zote 363 unadunda kama wa kwako na wangu. Norman Holter wa Montana, Marekani, ndiye aliyetuwezesha kuufuata moyo nje ya hospitali. Chombo chake cha kwanza kilikuwa furushi la mgongoni lenye kilo 38 hivi. Alichapisha kazi yake mwaka 1961, na leo Holta inaning'inia kiunoni. Lakini inarekodi siku moja au mbili. Anayezimia kila siku, mvalishe. Anayezimia mara mbili kwa mwaka ukamvalisha Holta ya saa 24, umetupa ndoano kisimani. Ikirudi "kawaida", haijasema kitu. Naomba hili liwaingie wenzangu mnaoandika majibu: kipimo safi cha siku ambayo mgonjwa hakuzimia hakijamsafisha. Kinyume chake pia ni kweli. Akizimia akiwa amevaa, na moyo ukaonekana unadunda sawasawa, hilo ni jibu kubwa: mwizi si mdundo wa moyo.

Kwa wale wa mara chache kuna kinasa mapigo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, kwa ganzi ya pale tu. Vya sasa vina urefu wa sentimita 4 na nusu hivi, vinakaa miaka 3 au zaidi vikiandika. Nilimwekea mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa ameanguka mara tano katika miaka miwili na kuvunjika mfupa wa shavu. Vipimo vyote vilikuwa safi, na kwao walishaanza kunong'ona kuwa anatafuta kuonewa huruma. Ulipita mwezi, ikapita miezi. Mwezi wa 14 akaanguka akiwa amekaa anashona. Tukafungua kumbukumbu: pigo, pigo, pigo, halafu mstari ulionyooka. Sekunde 11. Halafu pigo. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone. Akaufuata ule mstari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho wake. Akasema, "Kumbe sikuwa nasema uongo." Pesimeka, kifaa kinachouamsha moyo upige unapochelewa, tulimwekea siku iliyofuata, lakini nadhani alianza kupona palepale.

Kuhusu kitanda cha kuinua nitasema kwa kifupi, ingawa ndicho kinachoulizwa sana. Madaktari wa London walitangaza matumizi yake kwa wazimiaji mwaka 1986. Unafungwa mikanda, kitanda kinainuliwa hadi nyuzi 60 au 70, unasimama hivyo bila kutumia misuli ya miguu, hadi dakika 45, pengine na dawa chini ya ulimi ya kulegeza mishipa. Ukizimia, wanaona nini kilitangulia, presha au mapigo. Mimi hukipenda kwa sababu moja: mgonjwa akizinduka anasema "ndiyo hii hii." Lakini hata watu wenye afya huzimia juu yake, kwa hiyo asiyekuwa na maelezo yanayofanana asibandikwe ugonjwa kwa sababu kitanda kimesema. Kinafaa pia kwa wale wanaodondoka mara kwa mara, macho wamefumba, dakika nyingi, huku presha na mapigo havijatikisika. Hao ubongo wao haukukosa damu; ni mateso ya nafsi yaliyotokea mwilini, wala hawajifanyi. Waambiwe hivyo kwa heshima, wapelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Kukanda mshipa wa shingo, kwa waliovuka miaka 40, ni kipimo halali: moyo ukisimama sekunde 3 au presha ikishuka 50, na mtu akazimia kama kawaida yake, tumepata. Hufanywa penye ECG inayosoma, na hafanyiwi aliyepata kiharusi karibuni wala mwenye sauti ya mvumo shingoni. Ninawaona wawili pale nyuma wanashikana shingo. Acheni.

Haya, Mzee. Umelala zaidi ya zile dakika 5 zinazotakiwa. Dada, alipolala alikuwa na ngapi? 148 kwa 84, mapigo 66. Mzee, simama, taratibu, usishike kitu, ila mimi niko hapa. Mkono ulegee, usawa wa moyo.

Wakati tunasubiri: tunatafuta namba ya juu ishuke 20 au zaidi, au ya chini ishuke 10, ndani ya dakika 3. Tungekuwa na msichana anayelalamika moyo kwenda mbio kila akisimama, tungemsubiri dakika 10 na kuhesabu mapigo. Wengi wetu tunapima mara moja mgonjwa amekaa, tunaandika "presha kawaida", tunageuka. Hicho ni kipimo cha kiti.

Dakika ya kwanza? 130 kwa 80. Unasikiaje, Mzee? "Niko sawa." Endelea kusimama. Mzee anameza dawa ya presha asubuhi na kidonge cha tezi dume usiku, ameniruhusu niseme. Dakika ya tatu? 118 kwa 74. Imeshuka 30, na anatabasamu, hasikii chochote. Ndivyo walivyo wengi.

Mzee, hivi mwezi uliopita uliniambia ulianguka usiku ukienda msalani. "Si nilikwambia, niliteleza."

Ulikuwa umetoka kuamka? "Ndiyo, nimeamka tu."

Sakafu ilikuwa na maji?

"Ilikuwa kavu."

Dada, mletee Mzee kiti.